Kupisha Kalamu

Katika karakana yetu ya ndege za kivita kuna kawaida moja ambayo haijaandikwa popote. Kabla ndege haijaruka, fundi hutia saini katika kitabu cha ndege hiyo kwamba ameikagua na iko salama. Lakini rubani akiwa ndugu yako, mumeo au mwanao, hutakiwi kutia saini. Unampisha mwenzako kalamu. Kinyozi hajinyoi, ndivyo tunavyosema, tena kwa kucheka, ila chanzo chake hakichekeshi. Zamani fundi mmoja alimtilia saini mdogo wake, aliyembembeleza kwamba mafuta yanayovuja kidogo si kitu. Mdogo mtu alizikwa Ijumaa ileile.

Mimi ndiye fundi mkuu. Wananiita Bi Spana, na wanaothubutu kuniita hivyo mbele yangu ni wachache. Mwanangu ni rubani, wenzake wamembandika jina la Kipanga. Huu mwaka wa sita anaruka, na sijawahi kugusa kitabu cha ndege yake.

Basi nikateuliwa kwenye kamati ya kuchagua ndege mpya. Tulikuwa saba, chumba kimoja, feni moja inayolalamika kuliko kupepea. Ndege zilizobaki kwenye orodha zilikuwa mbili: ndogo ya injini moja, na kubwa ya injini mbili. Tulibishana wiki mbili mpaka chai ikawa inapoa bila kunywewa.

"Injini moja ni figo moja," alisema Meja, rubani mstaafu. "Utaishi, sawa, lakini ikigoma umekwisha."

"Mshika mawili, moja humponyoka," akajibu Mzee wa Stoo, anayetunza vipuri vyetu tangu nikiwa mwanafunzi. "Hizo mbili nani atazilisha vipuri, Meja? Wewe?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa upande wa Meja, na kila mtu alidhani ni kwa sababu za kifundi.

Jioni moja nilimkuta Kipanga nyumbani anapiga pasi sare yake, anaimba kabisa.

"Mama, ile ndogo ni nyepesi! Ukiigusa tu, imeshageuka. Tupeni hiyo."

"Na injini ikizima?"

"Si kuna kiti cha kurukia, mama. Unavuta tu, kinakutupa nje na mwavuli."

Kiti cha kurukia! Nilimzaa, nikamlea, nikakesha naye akiugua surua, ili leo anieleze habari za kiti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikaandika taarifa ya karakana. Kila ndege inaporuka saa moja, mafundi huihudumia saa kadhaa chini. Ile ndogo, saa tisa. Ile kubwa, saa ishirini. Ya kubwa nikaandika kumi na mbili.

Sikukosea. Niliandika nikijua.

Nilijua pia kitu kingine, na hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Bandani kwetu zimesimama ndege tatu zilizobaki mifupa, kwa sababu tunavua moja ili tuivike nyingine. Tukiletewa ndege ya saa ishirini, nayo itakaa chini ikisubiri mafundi. Na rubani anayekaa chini mwezi mzima hupoteza wepesi wa mkono. Siku akipanda, anabahatisha. Nimewahi kuokota vipande vya ndege ya rubani wa namna hiyo. Tulivikagua kimoja kimoja. Ndege haikuwa na kosa lolote.

Siku ya kura, watatu walitaka ndogo, watatu kubwa. Brigedia aliyekuwa mwenyekiti akanisogezea karatasi na kalamu.

"Haya, fundi mkuu. Imebaki yako."

Nikashika kalamu. Mzee wa Stoo alikuwa kakaa mkabala nami, anapangusa miwani kwa shati. Hakuinua sauti.

"Dada yangu, hiyo ndege ataruka nayo nani?"

Nilitamani kumrushia kikombe. Miaka yote hiyo namheshimu kama kaka, leo ananivua nguo mbele za watu! Lakini nikaitazama ile kalamu, na kweli, ilikuwa ileile niliyoikwepa miaka sita.

"Nampisha msaidizi wangu," nikasema.

Brigedia hakuelewa. Mzee wa Stoo akamweleza kawaida yetu kwa maneno machache, na kwa bahati Brigedia ni mtu wa kusikia. Msaidizi wangu aliitwa kutoka korido alikokuwa ameketi na mafaili. Ni mtu mzima, mtulivu, hana haraka hata ya kula. Alisoma taarifa yangu ukurasa kwa ukurasa, kisha akakunja uso.

"Samahani mkuu, hapa kuna kosa. Si kumi na mbili. Ni ishirini."

"Si kosa," nikasema. "Niliandika hivyo makusudi."

Meja aliinamisha kichwa, maana naye ana watoto. Msaidizi wangu akasahihisha tarakimu, akaipigia kura ndege ndogo, akatia saini. Nikaambiwa nisubiri barua ya kujieleza, nami nikaona ni haki.

Nilirudi nyumbani mapema. Kipanga alikuwa ameshapata habari, maana jeshini wanaodhani kuna siri ni wakubwa peke yao.

"Mama, mmetupa ndogo! Asante!"

"Usinishukuru mimi. Nilipisha kalamu."

Akanitazama. "Ungepiga kura wewe, ungechagua ipi?"

Nilichoka kudanganya. "Kubwa."

Akavuta kiti, akaketi polepole. Lile tabasamu lilikuwa limemtoka usoni, na nikamwona kama alivyokuwa akiwa na miaka saba.

"Hata mimi," akasema.

"Wewe? Si ulikuwa unaimba hapa?"

"Ulitaka nikwambie naogopa, mama? Ungelala lini?"

Nilimshika mkono, wa kulia, ule wa usukani, na ulikuwa baridi. Tukakaa hivyo. Ndege ndogo ndiyo inayofaa, hesabu zinasema hivyo, hata mimi nazikubali. Ndege zitafika mwakani, na kila asubuhi mtu mwingine atatia saini.