Gego la Shangazi

Cheti nilikuwa nacho, kimepigwa muhuri na kutiwa kwenye fremu. Kazi ndiyo sikuwa nayo. Kliniki ya kwanza walitaka msaidizi wa daktari wa meno mwenye uzoefu. Uzoefu wenyewe ningeutoa wapi, tumboni mwa mama? Ya pili, daktari alinikagua juu mpaka chini, akauliza kama najua kupika chai. Ya tatu siisemi, maana mimi nina adabu kumshinda mwenye kliniki.

Na nyumbani nako kulikuwa na shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyenipokea nilipoanza chuo na tangu hapo hakuacha kunikumbusha. Mwanamke ana ulimi yule! Akisikia tu mlango wangu umelia: "Kula kulala ameamka!" Wageni wakija, ananitambulisha: "Huyu mwenzenu amesomea mate ya watu." Wageni wanacheka, yeye anacheka kuwapita wote, mdomo wazi, na gego lake bovu linaonekana na kila mwenye macho. Kazi niliitaka kwa sababu moja tu: nipange chumba changu, nifunge mlango, nisimsikie tena.

Siku moja dharau zilinifika shingoni, nikaamua kumwonyesha kwamba na sisi tuna ufundi. Nikachukua kijiko, nikakifanya sindano. Sindano ya ganzi, nikamwambia, haipitishwi mbele ya macho ya mgonjwa. Msaidizi anaipitisha chini ya kidevu, daktari anaipokea hukohuko, na mgonjwa anaangalia dari huku anasimuliwa habari za mvua.

"Kumbe mmesomea wizi," akasema shangazi.

Haukupita muda, gego likaanza kumuuma. Mtu mwingine angejikunyata na maumivu yake. Yeye alikwenda kwa daktari wake wa siku zote, mzee wa viatu vyeupe anayeongea na watu huku anajitazama kwenye kioo, akasikia kwamba hana msaidizi. "Mjaribu mtoto wa mdogo wangu," akamwambia. "Mjaribie kwenye jino langu." Msiseme alinitafutia kazi. Alitaka kiti cha mbele siku nitakayoadhirika, na hakuna kiti cha mbele kukishinda kile cha daktari wa meno.

Alijilaza pale, mkoba wake tumboni, taa ikimmulika usoni. Nikamfunga kitambaa kifuani, nikapanga vifaa kwenye sinia, nikavaa barakoa. Daktari akaninong'oneza, "Huyu alimng'ata kidole msaidizi wangu aliyepita. Ukiweza kumtuliza, kazi ni yako."

Nikaanza na mvua. Nikaishika sindano na kuipitisha chini ya kidevu, taratibu, kama nilivyofundishwa. Wagonjwa wote duniani huangalia dari. Shangazi aliangalia kidevu chake.

"Naiona!" akapiga kelele, akafunga mdomo.

Tukajaribu tena. Macho yalikuwa yananisubiri palepale, na midomo ameibana kama mtoto anayekataa dawa. Daktari akageukia saa ya ukutani, akashusha pumzi. "Binti, wewe nenda tu. Nitatafuta mwingine."

Nilimchukia shangazi yangu siku ile, sifichi. Kazi yangu ilikuwa inakwenda na maji, na yeye amelala amekumbatia mkoba. Nikamwinamia sikioni.

"Shangazi, leo nahama. Nimeshapata chumba."

Uongo mtupu, chumba sikuwa nacho. Lakini mdomo ulifunguka wote, na daktari, pamoja na maringo yake, kazi anaijua: sindano ikaingia. Mimi nilikuwa nimemshikilia shavu, kwa hiyo niliona vizuri. Chozi lilimtoka kabla sindano haijamgusa.

Gego likang'oka bila purukushani. Daktari akavua glavu zake. "Anza Jumatatu," akasema. "Hiyo mbinu umefundishwa chuo gani?"

Nikasema ni ya kwangu. Furaha ilinijaa mpaka nikasahau kumfungua shangazi kitambaa.

Tulipotoka nikamkalisha kwenye benchi la nje ili apumzike kidogo. Pamba mdomoni, nusu ya uso imelegea, udenda unamchuruzika, na hana hata tusi moja la kunipa. Nilikuwa nimeiombea siku hiyo kwa miaka. Akanishika mkono, akanivuta karibu, maneno yakamtoka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Unahama kweli?"

Neno moja tu lingetosha. Ningesema sihami, angepona palepale, na jioni wageni wangesimuliwa jinsi nilivyomdanganya na yeye akajifanya ameamini.

"Usiongee, Shangazi," nikamwambia. "Ganzi haijaisha. Utajing'ata ulimi."