Waliovimbiwa Ndani ya Pipa

Mama mkwe alikuja kujionea kwa macho yake. Mwaka mzima mkaza mwanawe alikuwa akirudi nyumbani ananuka mayai viza, akidai ni kazi ya kitaalamu.

"Wako wapi hao wadudu?" aliuliza mlangoni mwa maabara ya kituo cha majitaka, leso puani.

Mkaza mwana, ndiye mtaalamu wa hapo, akamwonyesha pipa la kioo lililozibwa kabisa. Ndani mlikuwa na majitaka ya kiwanda cha juisi na bakteria wasiovumilia hewa. Hula sukari, hutoa haidrojeni, na haidrojeni hiyo huzalisha umeme wa kuzungusha feni ndogo ya mezani.

"Mbona feni imesimama?"

"Tangu juzi, mama." Kesho wakubwa wangekuja kukagua. "Nimeziba kila ufa. Nimewaongezea chakula mara tatu kwa siku, wapi!"

"Mara tatu? Na cha kwanza walikimaliza?"

"Wasipokula hawatoi gesi."

"Mwanangu, nimelea saba. Mtoto asiyejamba haongezewi uji."

Mtaalamu alicheka kwa adabu. Ghafla kicheko kikakatika. Akavuta maji kidogo kwa bomba la sindano, akayapima ukali upya kwa mkono. Makali kama siki! Kipimo kilichokuwa ndani ya pipa kilikuwa kimeganda kwenye namba ile ile, naye alikuwa amekiamini kama mtume.

"Niwape magadi yapunguze ukali?" aliuliza, akijishangaa kuomba ruhusa.

"Kidogo kidogo. Na jiko ulifunge, wasile tena leo."

Akafanya hivyo, huku mama mkwe akisimamia kama mkunga.

Kesho yake asubuhi viputo vilikuwa vikipanda kwa fujo. Wakubwa walipoingia, feni ilikuwa inazunguka mpaka karatasi zinaruka. Mkurugenzi alifurahi, akauliza hitilafu ilikuwa nini.

"Mrundikano wa tindikali uliotokana na ulishaji uliopita kiasi," mtaalamu alianza.

"Walivimbiwa," mama mkwe, aliyerudi kuona matokeo, alisema kutoka kwenye kiti cha pembeni.

Mtaalamu alitamani ardhi ipasuke. Mkurugenzi akatoa kalamu, akaandika: walivimbiwa. "Hili hata bodi italielewa," alisema, na pipa kubwa zaidi likaidhinishwa palepale.

Mtaalamu alimsindikiza mama mkwe hadi getini, wameshikana mikono, wakicheka mpaka mlinzi akauliza kulikoni. Tangu aolewe, hawakuwahi kucheka pamoja.