Foleni ya Wagonjwa wa Ibtissem

Ibtissem alikuwa amekaa kwenye mkeka wa sufu, akihangaika na swali la fizikia kuhusu gari linaloteremka mlima bila breki, mlango ulipogongwa. Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri. Mama yake, Bi Mbarka, alikuwa akikanda mkate, akaenda kufungua huku akijikung'uta unga mikononi. Mlangoni alisimama mama mtu mzima asiyemfahamu, ameshika sukari na pakiti ya kahawa.

Pale Djelfa, mji wa Algeria, mwanamke mgeni akija na sukari na kahawa kwenye nyumba yenye binti, haulizwi kilichomleta. Bi Mbarka akamkaribisha kwenye matakia, akatoa vile vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, na akamkonyeza Ibtissem akabadilishe soksi.

"Na kijana wako anafanya kazi wapi, dada yangu?" akauliza, akimimina kahawa.

"Kijana gani? Mimi nimekuja kwa ajili ya moyo wangu." Mgeni, aliyesema anaitwa Bi Fatna, akajigusa kifuani. "Kuna mlango humu ndani utakuja kugoma kufunga. Si leo. Wakati huo binti yako atakuwa daktari kwetu, kule kusini. Nikasema niwahi foleni."

Bi Mbarka aliingiwa na simanzi kidogo. Alivirudisha vile vikombe kabatini, akaleta vya kila siku, na akamwomba mgeni akimaliza kunywa akasubiri kwenye ngazi, kama watu wengine wanaomsubiri daktari.

Kwa kweli Ibtissem alikuwa ameshaukosa udaktari mara moja. Mtihani wa bakalorea, ule wa kumaliza sekondari, aliufaulu, na vigelegele vilipigwa, lakini alipata kumi na tano na kidogo kati ya ishirini wakati kitivo cha utabibu kilitaka kumi na sita. Kurudia kunaruhusiwa, na wengi hurudia. Ila kurudia mtihani ambao umekwisha kuufaulu kunachosha roho. Wenzako wameondoka, wewe umebaki na vitabu vilevile, na kila unayekutana naye dukani anakuita daktari kwa upendo, na upendo wenyewe unauma. Wiki ileile alikuwa amekusudia kumwambia mama yake kwamba basi, anakwenda kusomea uhasibu. Sasa kulikuwa na mtu kwenye ngazi, akaona aibu.

Kesho yake walikuwa watatu. Baridi ilipoingia, foleni ilikuwa imeanzia mlangoni kwao ghorofa ya tatu na kuishia barabarani. Wote walikuwa wagonjwa atakaowatibu siku za mbele. Walikuja baada ya alasiri, wakaondoka magharibi ikiadhiniwa. Ni watu waliokulia kwenye foleni za maziwa, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Aliyetoka kidogo kwenda kununua sigara aliacha jiwe kwenye kidato chake, na jiwe lile likaheshimiwa kama mwenyewe. Majirani walilalamikia maganda ya machungwa tu.

Chini ya Bi Fatna alikaa Mzee Bouziane, mtu mpole mwenye joho la sufu lenye kofia, ambaye figo zake zingekuja kumsaliti. Alipenda kumsikia Ibtissem akikariri masomo kwa sauti, na alipokosea mzee alikohoa kwa adabu. Chini ya mzee alikaa Wissal, aliyekuwa na miaka sita na alikuwa bado hajazaliwa. Mama yake mtarajiwa, Chaima, alikuwa mwanafunzi wa ghorofa ya nne, na kila alipotoka shule alimkuta amening'inia kwenye chuma cha ngazi.

"Wewe mtoto, hebu shuka hapo! Nitamwambia mama yako."

"Si ndo wewe?"

Chaima alimkagua kuanzia utosini. "Basi vuta soksi zako juu," akasema, akapanda zake kwao.

Siku moja Ibtissem alimuuliza Wissal anaumwa nini.

"Nge," Wissal alisema. "Hapa kisiginoni. Mama ataolewa huko kusini, na mimi nitatoka uani bila viatu."

"Na kwa nini usivae viatu?"

"Nitakuwa mtoto, dokta. Wewe uwe karibu tu na sindano yako."

Basi Ibtissem akapiga moyo konde. Kuna siku kichwa kiligoma kabisa, akalala juu ya kitabu, na Wissal akaupiga mlango teke kutoka nje.

"Dokta, umelala?"

"Sijalala!"

"Gari limefika wapi?"

"Bado linateremka."

Siku ya mtihani Bi Mbarka alimwaga ndoo ya maji nyuma ya binti yake ili njia yake iwe nyepesi, na wagonjwa wote wakainua miguu maji yapite. Intaneti ilikatwa nchi nzima watu wasiibe majibu, kama inavyokatwa kila mwaka. Ibtissem akaandika mpaka vidole vikakakamaa.

Alipata kumi na sita na robo. Bi Mbarka aliposikia kumi na sita hakungoja mengine. Alipiga kigelegele dirishani, wagonjwa wakakipokea kidato kwa kidato hadi barabarani, na Mzee Bouziane akacheza kidogo mabega. Furaha ile ilidumu mpaka siku ilipotangazwa alama ya kuingilia utabibu. Mwaka huo walikuwa wameipandisha hadi kumi na sita na nusu. Kwa nini, hakuna aliyeeleza, wala hakuna mtu wa kumuuliza.

Wa kwanza kuja kumpa pole alikuwa Raouf, aliyekaa nyumba ya lango la chuma ng'ambo ya barabara. Yeye walimu walimfuata nyumbani mmoja baada ya mwingine mwaka mzima, akapata kumi na saba. Kijana mwenyewe hakuwa na majivuno.

"Pole, Ibtissem."

"Hongera, dokta," Ibtissem akamwambia, bila kinyongo.

Raouf akaitazama foleni kwa muda mrefu. "Kwetu hajaja mtu. Hata mwenye mafua. Mama kapanga viti bustanini, kila jioni anavifuta vumbi."

"Watakuja tu."

"Hawaji. Nasoma Kijerumani tangu sekondari, na wao wanajua nitakuwa wapi." Akajaribu kucheka. "Labda wako kulekule, wamekaa ndani kwenye joto."

Hakuna aliyemsema vibaya. Bi Fatna alimpa chungwa, naye akashuka akiwa amelishika bila kulimenya.

Ibtissem akabaki amesimama mlangoni. "Jamani, nendeni makwenu," akasema. "Nimechoka. Tafuteni mwingine."

"Mwingine nani, mwanangu?" akauliza Bi Fatna. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuelekezwa nyumba.

"Moyo wangu nitaubembeleza," Bi Fatna akaendelea. "Sitabeba vizito. Nikichelewa, nachelewa nawe."

"Mimi ukiingia mwakani unaniwahi," akasema Wissal. "Ukipitisha hapo hunikuti."

Mzee Bouziane akainuka, akajikung'uta joho. "Mimi ilikuwa uingie mwaka huu," akasema. "Usijilaumu, binti yangu. Figo hazibembelezeki. Pale kwetu mashine ipo, imefunikwa vizuri na nailoni. Ilikuwa inangoja mtu tu." Akaokota jiwe lake, akalitia mfukoni, akambusu Ibtissem kwenye paji la uso. "Tungeelewana sana, mimi na wewe."

Akashuka taratibu, na kila mgonjwa akavuta magoti kumpisha. Ibtissem alilia pale pale mlangoni, mbele ya watu wote, na hakuona aibu.

Mwezi wa tisa Raouf aliondoka kwenda chuoni kwa vigelegele. Bustani ya kwao ilikuwa safi, haina hata ganda moja.

Jioni hiyo Bi Mbarka alitoka na sinia la kahawa kama kawaida. Alipofika kwenye kidato cha Mzee Bouziane mkono ukaenda wenyewe na kikombe, kisha ukasimama. Hakuna aliyekuwa amesogea kukikalia kidato kile. Akakimimina kile kikombe tena kwenye birika, akaendelea kushuka kwa Wissal.

"Dokta," Wissal akaita, mdomo umejaa biskuti. "Gari limefika wapi?"

Ndani, Ibtissem alikuwa amekifungua kitabu kwenye ukurasa uleule.

"Bado linateremka," akasema, akaanza kuchonga penseli.