Thamani ya Maduka Mia na Arobaini

Siku ya kugawa mali za marehemu Sylvester, ukoo ulikutana Masieda kwa kaka yake mkubwa, Akonaay. Ng'ombe waligawiwa, shamba likagawiwa, kisha Akonaay akainua kompyuta iliyopasuka kioo, akaigeuzageuza kama anayekagua jembe kuukuu. Akasema hiyo na programu yake ziandikwe laki tatu, shemeji yake azichukue, yaishe.

Shemeji huyo alikuwa Restituta, mjane wa marehemu. Programu ile aliitengeneza yeye, kwa miaka minne, mume akizunguka kununua vitunguu swaumu. Maduka ya pembejeo na dawa za mifugo, kutoka Dongobesh mpaka Katesh, yaliitumia kujua dawa ipi inakaribia kuisha muda wake, na kila duka lilimlipa elfu kumi kwa mwezi. Yalikuwa maduka mia na arobaini. Jina la Sylvester liliingia kwenye usajili kwa sababu wiki ya kuisajili Restituta alikuwa amelazwa, akijifungua.

Angenyamaza, angeipata kwa bei ya bure, na alilijua hilo. Lakini dharau ile ilimshinda.

"Shemeji," alisema, "mleteni anayejua kupima kabla hamjaandika."

Akaletwa Hermani kutoka Arusha, mtaalamu wa kupima thamani ya kampuni changa. Siku mbili nzima hakugusa vifaa, alihesabu walipaji. Wangapi wamedumu mwaka mzima, wangapi wameacha, na kumpata mpya kunagharimu nini. Walioacha walikuwa wachache mno. Akaueleza ukoo kwamba biashara ya namna hii hupimwa kwa malipo yanayorudi kila mwezi, kisha akazidisha mapato ya mwaka mara tatu. Ilifika milioni hamsini.

Akonaay alikuwa wa kwanza kusema. Alisema jina kwenye usajili ni la mdogo wake, kwa hiyo mali ni ya ukoo, na Restituta ataajiriwa kwa mshahara.

"Juzi mliiandika laki tatu," Restituta alisema. "Leo mnaniajiri kwenye kazi ya mikono yangu?"

Hermani akaonya kwamba hesabu yake inasimama tu kama mama huyu atabaki. Wenye maduka wanampigia yeye, na hakuna mwingine anayeijua programu. Akiondoka, yeye Hermani hataiandikia thamani hata ya shilingi moja. Hakuna aliyemsikiliza, ndugu watano walishaanza kugawana.

Restituta akaandika maneno yote ya siri ya kuingilia programu kwenye karatasi, akaiweka mezani.

"Chukueni. Mimi mnitoe humo."

Alihamia Mogitu kwa dada yake Agatha. Wenye maduka walipompigia aliwajibu wawatafute wenye mali. Programu ikakwama, hakuna wa kuitengeneza, na kufikia mwezi wa nne tangu aondoke maduka yaliyokuwa bado yanalipa hayakufika kumi. Wakati huo alikuwa anaandika nyingine upya, na safari hii alikwenda kuisajili mwenyewe.

Akonaay alikuja Mogitu kumwomba arudi. Restituta alimwamkia shikamoo, akampa chai, akamwambia harudi. Mzee akasema basi wote wamepoteza.

"Ninyi mmepoteza mlichookota," alimjibu. "Mimi nimepoteza miaka minne."

Maduka thelathini na moja yalikuwa yamekwisha kujiunga naye. Hata hivyo, alipokuwa akiosha kikombe cha shemeji yake, alikisugua kwa hasira hata kilipokwisha kutakata.