Njia ya Mogaka

Siku Nashon alipopewa ufunguo wa lori, madereva wenyewe walikuwa nje ya lango wamekaa juu ya mawe. Hapo ndipo angegeuka arudi kwao Mbita. Hakugeuka. Alikuwa na mke anayenyonyesha nyumbani, na gari la samaki alilokuwa akiendesha kule ziwani lilikuwa limeuzwa kwa tajiri mwenye shemeji anayejua kuendesha.

Madereva wa kampuni ile ya Homa Bay waligoma kwa ajili ya mguu. Mguu wa James, utingo, uliopondwa na gurudumu kwenye tope la Ogwedhi. Kampuni ilimwambia James aende kwao akapone. Mogaka, dereva wake, akasema lori haliondoki mpaka mtu huyu atibiwe. Kwa neno hilo moja alifukuzwa, na wenzake wote wakashuka. Ulikuwa mwaka wa tatu wa uhuru. Mzungu alikuwa amekwenda zake, kiti chake kikakaliwa na ndugu yetu mwenye tai, na kumbe siku zote kilichokuwa kikisema ni kiti.

"Peleka mzigo Ogwedhi, kesho gari liwe hapa," meneja alimwambia Nashon. "Ukifika, kazi ni yako. Ukikwama, watu wa kushika usukani sikosi."

"Njia siijui, bwana. Nani atanionyesha?"

"Barabara ni barabara."

Asiyewahi kusukuma lori ndiye husema hivyo. Kwa madereva wale mgeni hakupewa njia siku moja. Alikaa kwanza kando ya mwenyeji, safari baada ya safari, hashiki kitu, anatazama na kuuliza, mpaka mwenyeji aseme sasa hamia huku. Mogaka alifunzwa hivyo, naye akafunza wengine hivyo hivyo.

Kwa hiyo Nashon alipofika langoni alisimamisha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Jaduong', mzee wangu, Ogwedhi nipitie wapi?"

Mogaka, mtu wa Kisii aliyezeekea katika barabara za Wajaluo, alimjibu kwa upole. "Njia siiuzi, omera, ndugu yangu. Ukiitaka, shuka ukae hapa nasi. Siku tutakayorudi kazini utakaa kando yangu."

Kulikuwa na nafasi pale juu ya jiwe, mwenzao mmoja alijisogeza hata ikaongezeka. Nashon aliiona. Akatia gia.

Mpaka Rongo hakupata shida, wala Awendo. Shida ilimngoja alipopita Uriri na kuacha barabara kuu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na udongo mweusi wa upande ule ukilowa haufai hata kwa punda. Mbele yake njia iligawanyika. Upande mmoja palikuwa na nyayo za magurudumu, zimechimba barabara kabisa. Upande mwingine ni majani matupu. Nashon alikuwa dereva wa mchangani. Kule ziwani ukitaka kupona unafuata walipopita wenzako, maana mchanga uliokanyagwa umeshikana. Akafuata nyayo. Lori likaenda kidogo, likainama, likakaa chini kwa tumbo.

Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Watu walipita wengi, na lori walilijua, lakini walimkuta ndani yake mtu wasiyemjua. Mfugaji mmoja Mkuria, Maroa, akasimama na maksai wake.

"Mogaka yuko wapi?"

"Yuko Homa Bay, mzee. Nisaidie na hao maksai."

"Basi mngoje Mogaka. Akija tutavuta."

"Huyu ni samaki," mwingine aliyesikia lafudhi ya ziwani akasema nyuma yake. "Ametoka majini, anatafuta miguu."

Wakacheka, wakakaa kando kutazama. Nashon akapiga magoti, akachimba kwa jembe, halafu kwa mikono. Kila alichotoa kilirudi. Aliwaza mke wake, akawaza ile nafasi juu ya jiwe, akaona huku hana kitu na kule hana kitu.

Ndipo akaja mwanamke na kapu la ndizi kichwani, anakwenda kuuza. Alitazama lori, akatazama watu waliokaa, akatua kapu.

"Wewe ndiye umechukua gari la mume wangu?"

Nashon alisimama na tope mpaka viwikoni. "Nimepewa, mama."

"Naitwa Bathsheba. Mogaka ni mume wangu." Hakupandisha sauti. "Askari walikuja kwangu juzi. Wanasema akiharibu gari la kampuni watamfunga. Sasa hili likilala hapa, kesho watasema nani amelilaza?"

Nashon alifuta mikono kwenye suruali.

"Watasema Mogaka ametuma watu. Na hawa kweli wamekataa kwa ajili yake. Wanadhani wanamsaidia."

Akamwendea Maroa. Walizungumza kwa lugha za kwao, ambazo zinaelewana. Maroa alitikisa kichwa kukataa, akamwangalia yule mama usoni, halafu akaenda kufungua maksai bila kumtazama mtu. Lori likavutwa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Bathsheba akapanda mbele na kapu lake, kama alivyozoea kupanda na mumewe akienda kuuza, mlango ukiwa umeandikwa kwamba kubeba watu ni marufuku.

"Nyayo ziache," alisema. "Hapa anayefuata nyayo anafuata shimo. Pita juu ya majani, mizizi itakubeba."

Alipita juu ya majani. Mizizi ikambeba.

"Huo mti uliokatika, uache mkono wa kulia. Polepole hapo. Sasa simama, tunaingia bomani kwa watu."

"Barabara inapita bomani?"

"Wakati wa mvua inapita. Mume wangu aliomba ruhusa. Shuka ukasalimie, usipige honi."

Mwenye boma alikuwa bibi kizee, Nyamoita, aliyeuliza Mogaka anaumwa nini. Bathsheba akasema mafua. Bibi akafungua lango la miiba, akamwomba Nashon asisahau chumvi yake safari ijayo, kama Mogaka asivyosahau. Na mbele zaidi palikuwa na mawe kwenye kijito, Mogaka aliyapanga na James. Kila kipande cha njia kilikuwa na mkono wa yule mtu aliyekaa langoni. Kampuni haikuweka hapo hata jiwe moja.

"Mama, inatosha," Nashon alisema. "Usinionyeshe zaidi."

"Nisipokuonyesha utazama. Ukizama, yeye anafungwa."

"Na nikifika?"

Bathsheba alihamisha kapu kutoka goti moja hadi jingine. "Ukifika, hawamhitaji tena. Unadhani sijui? Endesha."

Wakafika Ogwedhi. Sabuni ikashuka, na chumvi, na sukari, mwenye duka akashukuru kampuni kwa kutomsahau.

Waliporudi, Bathsheba alinyamaza. Alikaa akitazama dirisha la upande wake, ndizi zake hazikununuliwa hata nusu, na kimya chake Nashon alikielewa: alikuwa anampa nafasi ya kutojua. Naye aliitaka. Alitaka kukosea kidogo tu, kwenye kijito au bomani, apate la kumwambia meneja, kwamba bila Mogaka njia hii haiwezekani. Lakini kukwama kungekuwa ni kumfunga Mogaka, na mikono haikumngoja afikiri. Mawe iliyapata. Bomani alishuka akasalimia. Mti uliokatika ulipita mkono wa kushoto, kama inavyotakiwa kwa anayerudi, na penye nyayo lori likahama lenyewe likapanda majani.

"Nishushe hapa," Bathsheba akasema.

"Nyumbani bado, mama. Nitakufikisha."

"Nishushe."

Akasimamisha. Mama yule akajitwika kapu, akashika ukingo wa barabara bila kugeuka nyuma. Nashon akangoja mpaka asimwone, halafu akatia gia, kwa sababu gari lilitakiwa Homa Bay.