Kente ya Wifi Yangu

Binti yangu Akyaa alikuja Kumasi kutoka Accra, akamaliza fufu na mchuzi wangu wa karanga, akanawa mikono, kisha ndipo akaniambia hataki kitambaa kipya cha kente siku ya ndoa yake.

"Nitavaa ile ya zamani ya shangazi Dufie. Mama, mitaro ya mji imeziba kwa nguo. Kila harusi kitambaa kipya, kila msiba kitambaa kipya, tunavaa mara moja tunatupa. Mimi nimeamua, sinunui tena."

Nilikuwa nimeshazungumza na mfumaji wa kijiji cha Bonwire, na rangi nimezichagua mwenyewe. Lakini hilo halikuniuma. Lililoniuma ni jina la Dufie.

Dufie ni dada wa mume wangu. Ana sanduku la nguo, na ana mdomo wa kuzisifia. Sisi Waashanti, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Akyaa ni damu yangu na ya mama yangu. Kente ya Dufie, siku akifa, inabaki kwenye ukoo wake. Sasa binti wa ukoo wangu aolewe ndani ya nguo ya ukoo mwingine, mimi nikae kitini nipige makofi?

"Mimi nimegeuza kola za mashati ya baba yako miaka yote," nilimwambia. "Sare zako zilitoka kwa dada zako, nikazishusha pindo. Mbona mimi hamkuniita mtunza mazingira?"

"Tulikuita bahili, Mama." Akacheka sana.

Mimi sikucheka.

Jioni Dufie akaja na kente yake ndani ya foronya, anatabasamu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Wifi, usinune. Mtoto kapenda mwenyewe."

"Nani kanuna? Ikunjue tuione."

Akaikunjua kitandani. Dhahabu na kijani, nzuri kweli. Nilitamani iwe mbaya. Kisha tukaona katikati: nondo walikuwa wamekula tepe tatu, matundu ya kupitisha mkono.

Dufie aliguna. "Si neno. Leteni mkasi. Tunakata hapa, tunapata blauzi na sketi."

Kente ni tepe nyembamba zilizoshonwa ubavu kwa ubavu. Ukipitisha mkasi kuzikatiza zote hivi hivi, nyuzi zinaachia na nguo imekwisha. Nimesomea ushonaji chuoni, najua. Nilimwona ameshika mkasi, nikanyamaza. Akate. Akishakata, Akyaa atamkubali mfumaji wangu.

Nikamtazama Akyaa. Alikuwa ameshika pindo la ile kente, amebana midomo kama alivyokuwa akibana utotoni akitaka kulia.

"Ikishindikana nitavaa gauni langu la kanisani," alisema. "Jipya sivai."

Gauni la kanisani! Mbele ya wakwe! Kumbe hata Dufie akishindwa, mimi sishindi.

"Weka mkasi chini, Dufie."

"Kwa nini? Nguo ni yangu."

"Kwa sababu hujui kukata. Hii inafumuliwa kwa wembe. Tepe mbovu zinatoka, nzima zinaingia."

"Hizo nzima utazitoa wapi? Aliyeifuma alishakufa."

Nilienda kufungua sanduku langu. Kente yangu ya ndoa ni ya bluu na nyekundu, na sijawahi kumwazima mtu, hata dada yangu wa tumbo moja. Nikaketi mbele yao, nikaanza kuifumua.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nashona. Lete taa."

"Bluu kwenye kijani?" Dufie akasema. "Wifi, itaonekana kiraka."

"Na kionekane. Si ndiyo mazingira hayo mnayoyataka? Na kitakaa mbele, kifuani."

"Nguo yangu, halafu wewe ndiye ukae mbele?"

"Au chukua foronya yako uende zako."

Hakwenda. Alikaa upande wa pili, akanivutia kitambaa kisijikunje, akilalamika mpaka fundo la mwisho.

Siku ya ndoa wanawake walimzunguka Akyaa. Bluu ilikuwa imekaa kifuani pake katikati ya dhahabu, na wakwe walikuwa wakiigusa kwa vidole.

"Eh, kente hii! Ya nani?"

Dufie alikuwa ameshasogea, kidevu juu. Mimi nilisimama na trei ya vinywaji mkononi. Sikutaka kusikia, lakini nilisikiliza.

"Ya mama," alisema Akyaa, "na ya shangazi."

Mama kwanza. Nilimgeukia Dufie kuhakikisha kwamba amesikia. Alikuwa amesikia. Nikampelekea kinywaji.