Samurai wa Watu

Mashine ile ya gemu haikuwa yetu. Ilikuwa ya msimamizi wa mjukuu wangu, kule kwenye duka la dobi anakofanya kazi ya kupiga pasi. Msimamizi alisafiri kwenda kumuuguza mama yake, akaona nyumba tupu si mahali pa kuacha kitu cha thamani, akamwachia mjukuu wangu. "Cheza utakavyo," alimwambia, "ila ule mchezo niliouhifadhi kwenye nafasi ya kwanza usiuguse. Yule ni samurai wangu."

Mjukuu akanifundisha na mimi, maana magoti yangu yalishastaafu bila kuniaga, na dirisha letu linatazamana na ukuta wa jirani. Asubuhi kabla hajatoka ananiwashia runinga, ananiwekea padi ya kuchezea mapajani na chai pembeni. Samurai wake yeye alikuwa nafasi ya pili, amesimama kwenye matope, mvua inamnyeshea. Nafasi ya kwanza ilikuwa na picha ya uwanda wa majani meupe na farasi. Sasa nani mwenye akili zake ataacha majani achague matope? Kwa hiyo nilijua ninachofanya. Sitaki kuyasingizia macho.

Majani yale sijui niyaelezeje. Marefu, yanafika tumboni kwa farasi, na upepo ukipita yanalala yote upande mmoja kama mahameli ukiipitishia kiganja. Unasukuma kijiti cha kushoto kidogo tu, farasi anatembea. Nilikuwa naenda. Chai inapoa, naenda. Mchuuzi anapita nje akinadi vitu vyake, sauti yake inaingia kwenye majani, inageuka ndege. Mara nyingine nasinzia na kidole kikiwa palepale. Nikizinduka nakuta tumeshavuka kilima, farasi kanipeleka mwenyewe, jua la huko linazama na la kwetu bado linawaka juu ya bati la jirani. Ukiniuliza saa hizo niko wapi, ningekuomba unipe muda nifikirie.

Upanga sikuuchomoa hata siku moja. Majambazi wakijitokeza namgeuza farasi, tunaondoka zetu. Kilichonikera mimi ni nguo. Samurai mzima, mwenye upanga wa heshima, amevaa koti lililopauka kama tambara la kufutia masizi, pindo linaning'inia. Mimi maisha yangu yote nimekaa na cherehani. Mteja wa namna ile hapiti mbele yangu hivi hivi. Na kule kijijini, ndani ya gemu humohumo, kuna mtia rangi na masufuria yake; unampa vipande vya chuma, anakubadilishia vazi. Msimamizi alikuwa na chuma tele kwenye mkoba. Nikajisemea, mizigo yote hii ya nini, si anamchosha farasi tu.

Nikaanza na koti la bluu. Bluu ikadai mkanda wa manjano. Mkanda ukaiumbua suruali. Mpaka farasi anapata matandiko mekundu, mkoba ulikuwa mwepesi kama mfuko wa mzururaji.

Jumamosi ile mjukuu alirudi mapema, mikono inanuka wanga wa nguo. "Bibi, msimamizi amerudi. Anapitia mchana huu kuchukua mashine." Akashika padi ili aizime vizuri. Akatazama. Akasogea, akatazama tena.

"Bibi, huyu ni nani?"

"Samurai."

"Samurai wa nani?"

"Si wanafanana wote, wale."

"Huyu ni samurai wa watu, Bibi. Na chuma chake kiko wapi? Alikuwa anakikusanya tangu mwaka jana, cha kunolea upanga wa pambano la mwisho."

"Kimevaliwa."

Akajikalia chini. "Atanifukuza kazi."

"Kwa ajili ya suruali?"

"Usinichekeshe. Nimekasirika." Lakini midomo ilikuwa inamcheza.

Kazi yake ilinitia wasiwasi, sikatai. Ila kilichoniuma zaidi ni majani. Jumatatu nitaamka, nitanywa chai yangu, nitatazama ule ukuta mpaka jioni.

Msimamizi akaingia, mwanamke mpana wa mabega, sauti ndogo, macho yamechoka kwa safari. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Afadhali. Ameanza kula."

"Tushukuru. Sasa keti. Samurai wako nimemshika mimi. Mjukuu wangu hakujua, alikuwa kwako akipiga pasi. Chuma chako chote nimekimaliza kwa mtia rangi. Ukitaka kugomba, nigombeze mimi, ila ukae kulia, sikio la kushoto siku hizi halipokei wageni."

Akachukua padi, akaketi ukingoni mwa kiti. Koti la bluu likapepea mbele yake. Akasukuma kijiti kidogo, farasi akaanza kupanda kilima, na majani yakalala, yakainuka, yakalala.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Kwenye majani."

"Mimi hapa nilikuwa napita mbio, nakimbilia darajani kupigana."

Akaendelea kwenda. Mjukuu wangu alisimama na waya mkononi, haoni pa kuuchomeka wala pa kuukunja. Chumba kizima kikawa kinatembea polepole pamoja na yule farasi. Mabega ya msimamizi yakashuka.

"Kule wodini nilikuwa natazama saa ya ukutani tu," akasema, kama anamwambia farasi. Kisha, baada ya kilima kingine: "Mkanda wa manjano umeupatia."

"Na suruali iangalie."

"Nimeiona, bibi."

Akanirudishia padi mapajani. "Chuma changu nakitaka. Chote. Mashine inabaki hapahapa mpaka ukirudishe."

"Kinapatikana wapi?"

"Kwa majambazi. Unawapiga, unawanyang'anya."

"Mimi na magoti haya?"

"Ya kwake mazima."

Akaondoka bila kumfukuza mtu kazi.

Jumatatu nikaianza adhabu yangu. Nilifika juu ya kilima, bondeni majambazi wamezunguka moto, chuma kinang'aa miguuni mwao, hawajaniona. Kwa mara ya kwanza nikauchomoa upanga. Ulitoa sauti kama mkasi mkubwa ukifunguka. Upepo ukaja, koti likajaa, na yale majani yakateremka mbele yangu mpaka bondeni.

Mjukuu alikuwa mlangoni anafunga viatu. "Bibi, umeshapata vipande vingapi?"

"Ndiyo naelekea."

Akatoka. Nikaurudisha upanga alani taratibu, nisiwashtue wale watu na moto wao, nikamwelekeza farasi kushoto, kwenye mteremko ambao tulikuwa bado hatujaupita.